Ukurasa wa Kwanza Hauna Muuzaji

Katika mtaa wa Mutakura, kaskazini ya jiji la Bujumbura, iko karakana moja ya useremala ambayo mpita njia huisikia kwanza kwa sauti ya randa ndipo akaiona kwa macho. Mwenyewe ni sajini mstaafu. Siku alipovua magwanda alichukua kiinua mgongo chake, akanunua mashine na mbao, akawafundisha kazi vijana watatu wa jirani, na tangu hapo vitanda na makabati vinatoka pale vikiwa vimenyooka kama gwaride la sikukuu ya Uhuru. Kazi yake haina dosari. Shida ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba mtu wa Kinindo au wa Rohero, mwenye nyumba mpya na fedha ya kununua kabati, hakujua kwamba huko Mutakura kuna fundi wa namna hiyo.

Mwaka jana alifika kijana mmoja nadhifu, begi la kompyuta begani. "Mzee," alimwambia, "siku hizi mteja hazunguki juani kutafuta fundi. Anaiuliza simu yake. Nipe kazi hii, nami nitakuweka ukurasa wa kwanza wa Google." Bei yake ilikuwa faranga 400,000 za kutengeneza tovuti, na faranga 100,000 kila mwezi "za kukushikilia juu usishuke". Sajini akalipa. Baada ya majuma machache kijana alirudi, akachukua simu ya mzee, akaandika jina la karakana, na kweli, jina likatokea la kwanza kabisa. Mama wa nyumba alipika siku hiyo kama kwamba kuna harusi.

Miezi saba ikapita. Hakuja mteja hata mmoja aliyesema kwamba ameelekezwa na simu. Sajini alipoacha kulipa, tovuti ilizimika. Alipotaka kuiwasha kwa njia nyingine aliambiwa kwamba jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la yule kijana, na kwamba yeye hana haki nalo. Jumla ya hesabu ilikuwa faranga 1,100,000.

"Afande," aliniuliza nilipopita kumsalimu, "wewe kazi yako ni kulifanya jeshi lijulikane na wananchi. Niambie bila kunificha: nimeibiwa, au nimekosea?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, nipe muda." Makala haya ndiyo majibu yake, na nimeona yafae pia kwa askari na polisi wengine, kwa sababu wengi wetu tunatazamia kufungua duka, saluni ya mke, au karakana siku ya kustaafu, na wenzetu wa polisi ndio wanaopokea malalamiko ya namna hii mezani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni namna mtambo wa kutafutia habari unavyofanya kazi. Google ilianzishwa mwaka 1998 na vijana wawili, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Haikuwa ya kwanza. Yahoo ilikwisha kuwapo tangu 1994 na AltaVista tangu 1995. Mtambo huwa na programu ndogo, wenyewe huziita buibui, ambazo hufanya doria mfululizo katika mtandao zikitoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata viungo. Kila zinachokiona huandikwa katika faharasa kubwa mno. Mtu akiuliza, mtambo hautoki kwenda kutafuta wakati ule. Hufungua ile faharasa na kupanga majibu kwa daraja.

Katika kupanga daraja ndipo palipo na ugomvi wote. Fikra kuu ya Page na Brin ilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama barua ya kumpendekeza mtu kupandishwa cheo. Barua ya kanali aliyefanya kazi na mtu huyo miaka kumi haiwi na uzito sawa na barua ya kuruta aliyemwona jana. Basi ukurasa unaopendekezwa na kurasa zenye heshima hupanda. Leo kanuni zimeongezeka: mtambo hutazama maneno yaliyoandikwa, mahali alipo mwulizaji, wepesi wa ukurasa kufunguka, na mengine mengi ambayo wenyewe hawayatangazi yote.

Hapa ndipo ule ushahidi wa kijana wa begi unapoanguka. Mtu akiandika jina lenyewe la karakana, jina ambalo hakuna mwingine duniani anayelitumia, itatokea ya kwanza hata kama haikufanyiwa kazi yoyote. Lakini mteja wa Kinindo halijui jina hilo. Yeye ataandika "seremala Bujumbura", au "menuisier Bujumbura" kwa Kifaransa, au "umubaji" kwa Kirundi. Huko ndiko kwenye vita. Aidha, simu ya sajini ilikuwa mikononi mwake pale pale Mutakura, na ilikwisha kuufungua ukurasa ule mara nyingi. Mtambo hutazama mahali na pengine hukumbuka mazoea. Kumwonyesha mtu daraja lake katika simu yake mwenyewe ni sawa na kumpima mkimbiaji kwa saa aliyoitega yeye.

Jambo la pili ni la fedha. Zipo nafasi mbili katika majibu ya Google. Ipo nafasi ya kawaida, ambayo haiuzwi. Google yenyewe husema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza, na huwaonya wafanyabiashara wamkimbie anayeahidi hivyo. Ipo pia nafasi ya tangazo, yenye alama inayoonyesha kwamba imelipiwa. Biashara hii ya matangazo ilianza Oktoba 2000, nayo huendeshwa kwa mnada: kila mtu anataja kiasi atakacholipa mteja anapobonyeza tangazo lake, na mtambo hupima bei hiyo pamoja na ubora wa tangazo lenyewe. Neno linalogombewa na wengi huwa ghali, lisilogombewa huwa rahisi. Lakini kwa vyovyote, fedha ikikoma tangazo hutoweka. Ni kodi ya chumba, si ununuzi wa nyumba.

Kwa mtu wa Bujumbura kuna ugumu zaidi. Tangazo hulipiwa kwa kadi ya benki inayokubalika nje, na hesabu hatimaye hugusa fedha za kigeni, ambazo sote tunajua jinsi zilivyo adimu katika nchi yetu miaka hii. Ndiyo maana fundi mdogo hulazimika kupitia kwa mtu wa kati mwenye kadi, na huyo wa kati, akiwa mwaminifu, ataonyesha hesabu ya kila siku: tangazo limeonekana mara ngapi, limebonyezwa mara ngapi, limekula kiasi gani. Asiyeonyesha hesabu hiyo anakusanya ushuru tu.

Mtego wa Nairobi

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya vijana wa mitaani peke yao. Mwaka 2011 Google ilianzisha nchini Kenya mpango wa kuwapatia wafanyabiashara wadogo tovuti za kuanzia bila malipo. Ulikuwa mpango mwema. Wakati huo huo ilikuwapo Nairobi kampuni iitwayo Mocality, iliyokuwa imekusanya orodha kubwa ya biashara za Kenya kwa njia ya busara sana: wananchi wenyewe walitumwa mitaani kuandika majina na namba za simu za maduka, nao wakalipwa kwa M-Pesa. Kuingia katika orodha hiyo hakukuwa na malipo.

Watu wa Mocality wakaanza kupokea simu za ajabu. Wenye maduka waliuliza habari za tovuti ambazo Mocality haikuwa ikiziuza. Walipochunguza kumbukumbu za mtambo wao waliona kwamba kuna anwani moja ya mtandao inayopitia orodha yao biashara baada ya biashara. Hapo wakafanya jambo ambalo askari yeyote angelipenda: waliweka mtego. Walibadili tovuti yao ili mgeni anayetoka katika anwani ile, afunguapo baadhi ya kurasa, aone namba ya simu ya Mocality wenyewe badala ya namba ya mwenye duka. Kisha wakakaa kungojea na kinasa sauti tayari. Simu ikalia. Mpigaji alisema anafanya kazi ya Google, akadai kwamba Google na Mocality wanashirikiana, akaanza kuuza tovuti. Ushirikiano huo haukuwapo. Baadaye walikuta anwani nyingine ikifanya mchezo ule ule, safari hii kutoka India.

Tarehe 13 Januari 2012, Stefan Magdalinski, mkuu wa Mocality, aliyatoa yote hadharani pamoja na sauti zilizonaswa. Siku hiyo hiyo Nelson Mattos, mmoja wa makamu wa rais wa Google, alikiri kwamba kikundi cha watu waliokuwa katika mradi wa Google kilitumia vibaya orodha ya Mocality na kusema uongo juu ya uhusiano wao, na akaomba radhi. Mocality yenyewe haikuishi sana. Ilifungwa mwaka 2013.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa makusudi. Ushauri unaotolewa siku zote ni kwamba, akikupigia mtu kusema anatoka Google, hakikisha kama kweli anatoka huko. Huko Nairobi mradi ulikuwa wa Google kweli, na bado maneno yaliyosemwa katika simu hayakuwa kweli. Basi kitambulisho cha mpigaji hakitoshi. Lililo muhimu ni kile anachokuuzia na namna unavyoweza kukipima.

Wapo na wakubwa waliojaribu kuudanganya mtambo wakaumbuka. Februari 2006 tovuti ya kampuni ya magari ya BMW huko Ujerumani iliondolewa katika faharasa ya Google kwa siku kadhaa, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya mtambo tu, huku mtu akipelekwa ukurasa mwingine. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya viungo vya bandia vilitandazwa katika mtandao kuipandisha kampuni ya maduka ya Marekani, J.C. Penney, ni zile barua za mapendekezo zilizonunuliwa kwa makuruta mia. Google iliishusha kutoka nafasi za kwanza hadi huko chini asikofika mtu. Kampuni kubwa huanguka na kuinuka. Je, seremala wa Mutakura akipigwa adhabu kama hiyo kwa viungo alivyonunuliwa asijue, atainuliwa na nani?

Hata hivyo, haki itendeke. Si kila anayeuza kazi hii ni mwizi. Wapo vijana hodari wa Bujumbura wanaojua kupanga ukurasa vizuri, kupunguza uzito wa picha, na kuandika maneno yanayoeleweka na mtu na mtambo, na jasho lao lina bei. Google husema kwamba kwa kawaida kazi kama hiyo huhitaji miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya kuonyesha faida. Kwa hiyo miezi saba bila mteja si ushahidi wa wizi peke yake. Ushahidi uko kwingine: ahadi ya nafasi ya kwanza, kukosekana kwa hesabu, na zaidi ya yote lile jina la tovuti lililoandikishwa kwa mtu asiyehusika.

Juu ya jina hilo ningependa tukae kidogo. Jina la tovuti, liwe la Burundi linaloishia na .bi au la kimataifa linaloishia na .com, hulipiwa ada ya kila mwaka kwa msajili. Aliyeandikishwa ndiye mwenye mali. Fundi anayeuweka mtaji wake wote katika jina lililo mikononi mwa mwingine amejenga katika kiwanja cha watu. Nafasi ya kuhifadhia kurasa nayo hupangishwa, kwa mwezi au kwa mwaka. Gharama hizi mbili ni za lazima kwa mwenye tovuti. Nyingine zote zinaweza kujadiliwa.

Na ipo njia ambayo haihitaji hata tovuti. Kwa miaka mingi Google imekuwa na daftari la biashara ambamo mwenye duka huandika jina, kazi, mahali na simu, akatokea katika ramani. Mwaka 2021 lilibadilishwa jina likaitwa Google Business Profile. Halina malipo. Mwenye biashara hutakiwa kuthibitisha kwamba yupo kweli, na mara nyingi siku hizi hufanya hivyo kwa kurekodi video ikionyesha barabara, kibao chake na zana zake za kazi. Matapeli wameunda hila hapa pia: hupiga simu na kuomba tarakimu za uthibitisho zilizotumwa katika simu ya mwenye duka. Anayezitoa amemkabidhi mgeni ufunguo wa mlango.

Katika kuandika mahali, mkazi wa Mutakura awe mwangalifu kama mtu asomaye ramani ya vita. Mutakura iko katika eneo la Cibitoke la jiji la Bujumbura. Lakini Cibitoke pia ni mji ulio kaskazini-magharibi ya nchi, na lilikuwa jina la mkoa mzima hadi mwaka 2025, mikoa ilipopunguzwa kutoka 18 kuwa mitano. Fundi anayeandika "Cibitoke" peke yake anaweza kumpeleka mteja safari ya bure. Kadhalika avenyu zetu zina namba, na namba hizo hizo ziko Bwiza, ziko Buyenzi, ziko Kamenge. Jina la mtaa, namba ya avenyu, na alama inayojulikana, kama vile shule au soko la karibu, yaandikwe kwa pamoja.

Lugha nayo ni silaha. Watu wa jiji hili huuliza kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, na pengine zote tatu katika sentensi moja. Mwenye kuandika "umubaji", "menuisier" na "seremala" katika maelezo yake, kwa ukweli na bila kurudiarudia kama kasuku, amefungua milango mitatu. Picha ziwe za kazi yake mwenyewe, tena ndogo kwa uzito, maana mteja anatumia simu na kifurushi cha kununua. Na tangu 2023 Google ilipokamilisha mabadiliko yake, mtambo hupima kwanza ukurasa kama unavyoonekana katika simu. Tena, tangu 2024 mitambo hii imeanza kutunga majibu yenyewe juu ya orodha, mwulizaji akaridhika asibonyeze chochote. Anayemlipa mtu leo ili awe wa kwanza katika orodha aulize orodha hiyo bado inasomwa na wangapi.

Kwa wenzetu wa polisi, anapofika mlalamikaji wa namna hii, yafaa aulizwe mapema mambo machache: ahadi ilitolewa kwa maandishi au kwa mdomo; malipo yalipita wapi, maana Lumicash na benki huacha alama; jina la tovuti limeandikishwa kwa nani; na kama aliwahi kuonyeshwa hesabu. Google hutoa bure chombo kiitwacho Search Console, kinachomwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyotumiwa na watu na idadi ya waliobonyeza. Muuzaji aliyemnyima mteja wake ruhusa ya kukitazama ana la kueleza. Burundi ina sheria ya mwaka 2022 ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mitandao, lakini si kila ahadi isiyotimia ni jinai. Mengine ni madai ya mkataba, na kumwambia mlalamikaji ukweli huo siku ya kwanza ni kumpunguzia nauli.

Nilirudi Mutakura na majibu yangu. Nilimwambia sajini kwamba katika jambo la jina la tovuti amedhulumiwa, na katika jambo la ukurasa wa kwanza alinunua kitu ambacho hakina muuzaji. Alinyamaza kidogo, akapuliza vumbi la mbao juu ya meza. "Basi la kwanza nitalipeleka mbele," akasema, "la pili nitalimeza."

Binti yake wa sekondari ndiye aliyemwandikisha katika lile daftari la ramani, kwa simu yake, jioni moja. Video ilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu kibao hakikuonekana, wakairudia mchana. Kisha mzee akaanza desturi mpya: kila mteja anaulizwa amemjuaje, na jibu linaandikwa katika daftari la karatasi lililofungwa kwa kamba ukutani. Alinionyesha ukurasa wa mwezi wa kwanza. Wateja kumi na mmoja waliletwa na majirani, kanisa na askari wenzake wa zamani. Wawili waliletwa na simu. Mmoja wao alitoka Kinindo, akaagiza kabati la milango mitatu, akalipa nusu papo hapo.

Kibao kipya cha karakana hakina anwani ya tovuti. Kina kazi yake kwa lugha tatu, namba ya avenyu, neno Mutakura kwa herufi kubwa, na namba ya simu ambayo sasa huiweka karibu na randa, mahali ambapo mlio wake unaweza kusikika.